Gurudumu la Kikwembe cha Chama

Vita imenilia vitu vingi, na masomo sikusoma sana, lakini niko na kumbukumbu moja yenye inanichekesha hata leo nikiwa peke yangu njiani. Na kosa haikuwa yangu. Kosa ilikuwa ya muke wa chefu wa chama, kile kimoja cha serikali, katika karitie yetu, mutaa wetu wa kule Bagira. Nasema wazi, maana miaka na miaka yule maman aliniita chini chini mukata-vichwa.

Wakati ule wa Zaïre, kwenye foaye ya parokia, kule wanawake wanafundishwa kazi za mukono, sisi mabinti tulikuwa tunashona blanketi ya vipande. Tulishona na mukono. Mashini ilikuwa moja tu. Maman mwenye kutufundisha alisema atakayeshona pembe tatu zenye ncha zinakutana sawasawa, huyo ndiye atakalia mashini. Mimi niliitaka ile mashini kuliko kuolewa.

Njia yake ilikuwa hivi: usikate pembe tatu kwanza, maana kitambaa kikikatwa kona kwa kona kinavutika kama mupira. Unalaza vipande viwili vya pembe ine, uso kwa uso, unapiga mustari toka kona mpaka kona, unashona huku na huku ya mustari, kisha ndipo unakata katikati. Ukifungua, unapata vipande viwili, na kila kimoja kiko na pembe tatu mbili zimeshonwa pamoja. Vipande vine vikikutana vinafanya gurudumu, kama lile la karatasi watoto wanakimbiza na upepo.

Basi muke wa chefu akatuletea kikwembe chake cha zamani, kitenge cha kuvaa siku za chama, chenye pasi iliunguza, amekikunja mugongo inje. Mugongoni rangi ilikuwa imefifia, haionyeshi kitu. Nikatoa humo pembe ine mbili, nikazilaza na kitambaa chekundu, nikapiga mustari, nikashona, nikakata, nikaunganisha vipande vyote vine. Halafu nikageuza.

Mukubwa wa inchi, rais mwenyewe, alikuwa pale, sura yake yenye ilichapwa kwenye kikwembe nimeikata vipande. Kofia ya chui chini, miwani pembeni, kidevu juu, anazunguka. Na ncha zote zilikutana katikati, hata moja haikukosa.

Tulicheka mpaka mumoja wetu akateleza toka kwenye benchi. Maman mwalimu alitunyamazisha, kisha naye akajifunika uso na kitambaa chake cha kichwa. Hapo chefu mwenyewe akaingia, abakosi, ile koti ya watu wa chama, imefungwa mpaka shingoni, anauliza nini inatuchekesha. Akaona. Akasema kwa kitu kama hiki watu wanaozea kasho, gerezani.

"Nani amekata kichwa ya Mukubwa?"

Kicheko kilinishika tena, sasa cha woga.

"Ni mimi, papa. Lakini kikwembe ni ya muke wako. Angalia pale pasi iliunguza."

Alikishika, akakigeuza-geuza, akatambua ile alama ya pasi ya kwake nyumbani. Akaenda kufunga mulango. Akatuambia tufumue mbio, hakuna mwenye ameona kitu, akatoa kisu kidogo, akakaa kati yetu kufumua gurudumu langu. Uzi ulikataa. Akavuta, akatoka jasho, na sisi tukaanza tena kucheka kidogo kidogo, mpaka midomo yake nayo ikamucheza.

"Wewe mutoto, unashona kama unafunga mwizi."

Maman mwalimu akachukua kile kipande mikononi mwake, akaangalia zile ncha zenye zilikuwa bado zimeshikamana. Akaniambia kesho nikuje mapema kabla ya wengine, nipake mashini mafuta, kisha niikalie.