Mshonaji Aliyepunga Pazia

Mzee mshonaji alifiwa na mkewe, maneno yakaisha nyumbani. Tangu zamani marehemu ndiye aliyeongea kwa niaba ya wote wawili. Kazi ya mzee ilikuwa kuitikia "mm". Sasa hakukuwa na wa kumwitikia. Cherehani akaifunika shuka. Pazia la jikoni halikufunguliwa tena, chai akawa anainywa gizani. Kitandani alilala ukingoni, upande wake ule ule. Miaka yote walilala mgongo kwa mgongo, na mgongo ulikuwa umeanza kupigwa na baridi.

Binti yake, karani wa benki katika mji mwingine, akaja, akalitazama giza lile, akashika kiuno.

"Baba, nakuhamisha. Kuna chumba uani kwangu. Kina televisheni."

"Mm."

"Usiniitikie mm! Nikija tena nikakukuta umejikunyata humu kama kuku mgonjwa, virago vyako nafunga kwa mikono yangu."

Mzee hakutaka kuhama. Ukingo wake wa kitanda ulikuwa humo. Lakini hakuwa na la kusema, na asiye na la kusema huhamishwa kama kabati.

Jirani, fundi breki, aliyasikia yote ukutani. Kesho yake akabisha hodi.

"Mzee, njoo klabuni kwetu."

"Klabu ya nini?"

"Mbio za magari. Tunasimama kando ya njia, tunapunga bendera. Gari likipinduka tunakimbilia."

"Mnalipwa?"

"Hatulipwi. Tunajitolea."

"Sasa faida yake?"

Fundi breki akahesabu kwa vidole vyake vya grisi. "Kikoti cha rangi ya machungwa, bure. Filimbi. Chakula cha mchana. Mbio unaziona karibu kuliko mwenye tiketi." Akafika kidole cha mwisho, akakwama. "Na filimbi."

"Filimbi umeshaitaja."

"Ni filimbi nzuri, mzee."

Mzee akaenda. Ukweli usemwe, alikwenda kwa ajili ya chakula.

Somo lilitolewa gereji. Njano, hatari mbele. Bluu, mwenye kasi yuko nyuma yako, mpishe. Nyekundu, simameni wote. Ila hiyo haipungwi mpaka mkubwa wa mashindano aamuru. Atakayeipunga kwa kichwa chake atavua kikoti siku hiyo hiyo. Bendera zilizobaki mzee hakuzisikia, maana sahani zilikuwa zimeanza kupita.

Kisha wakapangwa wawili wawili, mgongo kwa mgongo. Mmoja anatazama magari yanakotoka, mwenzake anatazama yanakokwenda. Mzee akapewa mkunga mstaafu, mama wa kifua, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto.

"Mzee mwenzangu, sikiliza. Nikiuliza 'nyuma?', wewe jibu 'salama'. Usipojibu nitajua umekufa, nitaanza kulia, mbio zitanipita."

"Mm."

"Mm hata mbuzi anasema!"

"Salama," akasema mzee.

"Paza sauti. Gari halinong'oni."

Siku ya mazoezi gari likanasa kwenye tope, wakaenda kulisukuma. Mkunga akajisahau. "Sukuma, mama! Pumua! Usikaze shingo! Haya, kichwa hicho nakiona!" Na kweli dereva akachomoza dirishani, helmeti ikitangulia. Fundi breki alicheka mpaka akakaa topeni. Mzee naye kitu kilimtekenya tumboni, akajikohoza kukificha.

Bendera nyekundu ya kituo chao ilikuwa imechanika. Mshonaji haoni mchaniko akalala. Akaichukua nyumbani, akaifunua cherehani. Kitambaa chekundu hakuwa nacho. Akaangaza huku na huku, jicho likatua kwenye pazia la jikoni: la njano, zito, linafaa. Akalikata vipande virefu, akaunga mlia mwekundu, mlia wa njano, pindo mara mbili. Ikapendeza. Akaiviringisha kwenye kijiti chake, akairudisha. Hakuna aliyeikunjua, kwa kuwa nyekundu haikunjuliwi ovyo.

Siku ya mashindano binti akaja na sufuria la mchuzi. Baba hayupo. Dirisha la jikoni li wazi, sakafu imejaa vipande vya pazia.

"Mungu wangu, akili zimemruka!"

"Yuko kwenye mbio za magari," akasema mke wa fundi breki.

"Anafanya nini huko?"

"Anapunga."

Binti akaondoka vile vile, sufuria kwapani. Alipofika, alimwona baba yake ng'ambo ya njia, na kikoti. Mlinzi wa geti alikuwa amekodolea macho mbio. Binti akapita, akakanyaga njia.

"Yanakuja!" akapiga kelele mkunga, aliyekuwa akitazama yanakotoka.

Mzee, aliyekuwa akitazama yanakokwenda, akamwona mwanawe katikati ya lami. Mkono ukanyakua bendera ya kusimamisha wote, akaipunga kama anayefukuza nyuki.

"Rudi! We mtoto, RUDI!"

Binti hakuwa ameisikia sauti ile tangu azaliwe. Akaruka, sufuria likamponyoka, mchuzi ukatapakaa njiani. Akakimbia kurudi, kiatu kimoja kikabaki.

Madereva waliona milia nyekundu na njano, na kwao hiyo ni bendera ya utelezi. Wakapunguza mwendo, wakaupita mchuzi mmoja mmoja, kwa adabu, kama wanaopita penye msiba.

Magari yalipokwisha kupita, mkubwa wa mashindano akafika na pikipiki, mishipa imemsimama. "Nani kapunga?"

Mzee akaanza kuvua kikoti. "Mimi. Nilipunga nyeku—"

Mkunga akamkanyaga mguu. "Kapunga milia, mkubwa. Utelezi."

"Utelezi gani? Mvua haijanyesha!"

Mkunga akanyoosha kidole. Mkubwa akainama, akachovya, akanusa. "Hii si oili."

"Ina mafuta mengi," binti akasema kinyonge, toka nyuma ya uzio. "Nilizidisha kwenye vitunguu."

Mkubwa akakifuta kidole kwenye suruali. "Milia ni sahihi," akasema mwishowe. "Vaa kikoti. Na huyu dada apewe mchanga na ufagio."

Mbio zikasimamishwa kidogo, binti akafagia na kiatu kimoja. Alipomaliza akamsogelea baba yake, akaishika bendera.

"Hili si pazia la Mama?"

"Ndilo."

"Na umepiga kelele."

"Nimepiga."

"Baba, mimi nilikuja kukuchukua."

"Siwezi. Nikiondoka, huyu mama nani atamlindia mgongo?"

Binti akaiachia bendera. Hayo yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyosikia kwake tangu mazishi.

"Basi nitakuletea pazia jingine."

"La nini? Lete mchuzi. Ule sikuuonja."

Filimbi ikalia. Binti akarudi nyuma ya uzio.

"Nyuma?" akaita mkunga.

Mzee akageuka, akauegemeza mgongo wake penye joto.

"Salama!" Ilisikika mpaka getini.