Kopo la Maji kwa Nyasi ya Meli

Leo nimeharibu nyasi ya meli, na bado nimeambiwa nirudi kesho.

Mnajua mimi ni wa kuuza sukuma wiki, hapa Kianda. Mboga ikinyauka unainyunyizia maji, inaamka.

Sasa leo nilipata kibarua Kawangware kwa Baba Wanjiru. Anakusanya nyasi kavu ya kuuza Uarabuni, inaenda kwa meli. Akasema nipange marobota vizuri, mnunuzi yuko njiani.

Mbele nikaweka matano ya kijani. Yale ya vumbi nikaficha nyuma. Halafu nikanyunyizia ya mbele maji, kopo zima, yang'ae.

Msinicheke. Nani hapa hangefanya hivyo?

Mnunuzi akaja, akaingiza mkono ndani ya robota. Akautoa, akaunusa.

"Nani amemwaga maji? Hii itaozea baharini."

Nikatamani kujificha kule nyuma. Kumbe yeye naye anaelekea huko huko. Akashika yale ya vumbi, makavu kabisa, akatabasamu. Ameyachukua yote.

Yale mabichi yameliwa na punda wa kubeba maji.

Nikitoka, Baba Wanjiru akaniita. "Mama Achieng, kesho uje mapema. Lakini hilo kopo uliache na sukuma."