Mguu wa Mugeta na Jua la Kibara

Sista Gaudensia, nesi wa zahanati ya Kibara, hakuwa mtu wa kukasirika hovyo. Lakini siku aliyomkuta Mugeta ufukweni Kibara, mguu wazi juani kando ya dagaa walioanikwa, nusura alie kwa hasira. Bandeji yenyewe ilikuwa imetundikwa kwenye kamba ya nguo!

Bandeji hiyo si ya mchezo. Yeye na wenzake wa maabara pale Musoma mjini waliihangaikia miaka mitatu, wakichanganya asali na ute mzito wa mimea mpaka wakapata kitu cha kukitunzia kidonda sugu unyevu wake siku tano bila kufunguliwa. Mugeta alikuwa mgonjwa wao wa kwanza. Kidonda cha mguu wake wa kushoto kilikuwa na miaka sita, na daktari alishasema kisipofunga ndani ya miezi miwili, mguu unakatwa. Fundi mitumbwi bila mguu, jamani!

Alipoulizwa, Mugeta alijibu bila haya. Kila siku saa nne anaifungua, anakianika kidonda, jioni anairudisha. Kitu kibichi kinaoza, hata dagaa wanajua.

Gaudensia akameza maneno yaliyomjaa mdomoni. Akautazama mtumbwi uliopinduliwa mchangani, akamgeukia Mugeta.

"Baba Recho, mtumbwi ukikaa juani mwezi mzima, unaushushaga ziwani hivyo hivyo?"

"Aa, utazama. Mbao zinakuwa zimeachana. Nauloweka kwanza, zivimbe, zishikane zenyewe."

"Na nyama ya mguu wako?"

Mugeta akautazama mguu, akautazama mtumbwi, kisha akajikokota mwenyewe hadi zahanati kufungwa bandeji mpya.

Tangu hapo kazi ikawa kupima. Kila wiki Gaudensia alilaza plastiki safi juu ya kidonda na kuchora ukingo wake kwa kalamu. Kwanza kilikuwa kama yai, halafu kisoda, halafu punje ya hindi. Wiki ya nane aliinua kalamu, akakosa pa kuchora. Alicheka mpaka akakaa chini.

Kwa miaka sita Mugeta hakuwahi kwenda kanisani na nguo isiyofika kisiginoni, ili kidonda kisionekane. Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa, lakini huyu alikuwa kapoa kwelikweli, na alitaka parokia nzima ijue. Jumapili ile alichelewa kanisani makusudi, akapita katikati hadi benchi la mbele, suruali kaikunja mguu mmoja tu, wa kushoto.