Dada Yangu Alinionyesha Brussels Yote

Ukitaka kujua mambo ya kuona katikati ya mji wa Brussels, niulize mimi. Nimesimama kwenye ule uwanja mkubwa wa mawe, wenye nyumba zilizopakwa dhahabu, nikatazama juu mpaka shingo ikauma. Nimeona kitoto cha shaba kinachokojoa hadharani na watu wazima wakikishangilia. Nimepita chini ya paa refu la vioo, penye maduka ya chokoleti ambamo wauzaji wananong'ona kama wako kanisani. Nimekula viazi vya kukaanga kwenye karatasi nikiwa wima barabarani, kama wenyeji. Lakini kile kilichonipeleka Brussels sikukipata, na aliyekuwa nacho ndiye aliyekuwa akinitembeza.

Alikuwa dada yangu mkubwa. Sisi watu wa Kivu mkubwa wako unamwita yaya, awe wa kike au wa kiume, na mimi sikumwita vingine maisha yake yote. Wakati wa vita mimi na kaka yetu tulitangulia, tukavuka kwenda Burundi. Yaya alibaki nyuma na mama, ambaye magoti yake yalikuwa yamegoma kutembea. Walisema watatufuata. Hawakufika. Miaka ikapita kambini, kisha tukaletwa Marekani kila mtu na mji wake: mimi Louisville, kaka Columbus, na mama mdogo, yaani mdogo wake mama, akapelekwa Buffalo kwenye theluji. Ndipo tukasikia kwamba yaya yuko Ubelgiji, peke yake. Alipopiga simu mara ya kwanza alilia sana, akasema mama hayupo tena. Tukamuuliza alifia wapi, na nani alimzika.

"Ile hapana maneno ya simu," alisema. "Mutakuja, ntawaambia."

Hakuna aliyembishia, kwa sababu ndivyo tulivyolelewa. Kwetu, kule nyanda za juu za Kivu ya Kusini, mgeni haambiwi neno zito akiwa amekaa. Mgeni hulishwa, huchekeshwa, huulizwa habari za ng'ombe na za watoto. Neno lenyewe hungoja siku ya kuondoka. Siku hiyo mwenyeji humsindikiza mgeni mpaka kwenye kijito au juu ya kilima, na wakiwa njiani, bega kwa bega, kila mmoja akitazama mbele yake, ndipo linaposemwa. Mkitazamana usoni ulimi hufungwa na aibu. Mkitembea hulegea. Nilikua nikiwaona wazazi wangu wakifanya hivyo, na mpaka leo naona ni adabu nzuri, ingawa imetutesa kuliko ukali wowote.

Basi, katika ile miaka ya katikati ya muongo uliopita, nilipopata pasipoti ya Marekani, tulikubaliana niende mimi. Kaka alikuwa na watoto wadogo na zamu zisizoeleweka kiwandani. Mama mdogo alikuwa amezeeka, hata kushuka ngazi za nyumba yake ilikuwa safari. Nikaomba ruhusa kwenye ghala ninakofunga maboksi, na majirani zangu wa mtaa wa Newburg wakanitania kwamba sasa nimekuwa mzungu, naenda Ulaya kutazama majumba. Nikacheka nao. Mama mdogo alinipigia simu nikiwa nafunga sanduku.

"Usiniletee shokola," alisema. "Uniletee pahali dada yangu analala. Niko muzee. Nikiomba, nataka nijue naangalia wapi."

Yaya alinipokea kwa kelele na machozi, akanipikia ugali na sombe, yaani kisamvu, akanilaza kwenye kitanda chake na yeye akalala kwenye kochi. Kazi yake ilikuwa kuosha na kulisha wazee katika nyumba ya kutunzia wazee, na alikuwa ameomba likizo ya wiki nzima kwa ajili yangu. Sikuzoea kumwona na wakati mwingi hivyo, na nadhani hata yeye hakuzoea. Ikawa kila asubuhi, chai haijaisha kikombeni, amekwisha kuvaa viatu.

"Bon," anasema. "Tuende."

Tukaenda. Miguu yangu ghala limekwisha kuila, lakini yaya hakuwa na habari. Alinitembeza mji wa zamani kama aliujenga yeye. Pale uwanja mkubwa alinionyesha mnara wa jumba la mji, ambao hauko katikati ya jumba lenyewe, akanichekesha kwa kusema hata wazungu zamani walikuwa na mafundi wa kwetu. Alinionyesha nyumba za waoka mikate wa zamani na za wauza nyama, na dhahabu kwenye madirisha yao.

"Angalia," alisema, "iyi yote ni dhahabu."

"Imetoka kwetu?"

"Banasema ni ya babu zabo."

"Na sisi tunasema nini?"

"Sisi tunapiga foto," alisema, akanisukuma nisimame vizuri.

Kitoto kinachokojoa kilinikasirisha. Nilidhani ni kitu kikubwa, maana watu walikuwa wamejazana pale, simu juu. Kumbe ni kidogo kama chupa ya maziwa, kimewekwa kwenye kona, na kazi yake ni hiyo moja. Nikamwambia yaya kwamba nimeacha kazi Louisville na kuruka bahari nzima kuja kutazama mtoto wa watu akikojoa, na huko Newburg wapo wengi, bure, nyuma ya kila jengo. Alicheka mpaka akajishika ukuta. Niliupenda sana ule mcheko wake. Ulikuwa ni wa mama, na kila nilipousikia nilitaka kuuliza, na kila nilipotaka kuuliza nilijiambia: ngoja njia.

Alinipandisha pia kwenye bustani ya mlimani, ambapo mji wote wa zamani unaonekana umelala chini na ule mnara katikati. Tulinunua chokoleti moja moja, tukaila polepole, tukakubaliana kwamba ni tamu lakini haishibishi. Tuliingia kanisa kubwa tukakaa nyuma. Yaya aliwasha mshumaa. Sikuuliza ni wa nani.

Sasa nifike pale ninapopakumbuka kuliko kote. Kwenye kichochoro kinachotoka uwanja mkubwa kuna sanamu ya shaba ya mtu aliyelala chali, ametundikwa ukutani, na mwili wake unang'aa kwa kuguswa. Watu wanapita wanampapasa mkono mpaka miguuni, wanasema inaleta baraka. Yaya aliniambia niguse. Nikakataa, nikamwambia mimi ni mtu wa kanisa, sipapasi sanamu. Nilitegemea anitanie, lakini hakunitania. Alisimama akimtazama yule mtu wa shaba, na mikono ya wageni ikimpita mwilini mmoja baada ya mwingine.

"Mama," alisema kwa sauti ndogo. "Ile siku ya mama..."

Nikanyamaza. Nilinyamaza kwa heshima, kama mtu anavyokaa kimya mkubwa anapofungua kinywa. Hata uso sikumgeuzia. Nilitazama mbele, kwenye mawe ya barabara, kama tulivyofundishwa, ili asione aibu. Tukasimama hivyo. Kikundi cha watalii kikaja na kiongozi wao aliyeshika mwavuli, wakatuomba kwa ishara tusogee wapige picha. Tukasogea. Yaya akavuta pumzi, akasema twende tukale viazi.

Siku ya kuondoka tulitoka nyumbani mapema kuliko ilivyohitajika. Wote wawili tulijua sababu na hatukuitaja. Kwenye treni tulibanana na watu, haikuwa mahali pa kusemea kitu. Yaya aliniambia kule uwanja wa ndege kuna ukumbi mrefu sana, mtu anaweza kutembea na kurudi, kutembea na kurudi. Nikaitikia.

Lakini mwaka ule ulikuwa mwaka wa mabomu pale uwanja wa ndege. Nje kulikuwa na mahema na wanajeshi wenye bunduki, na foleni ya watu na masanduku. Mwanajeshi kijana akatazama tiketi yangu, akaomba ya yaya. Akamwambia kwa upole kwamba wanaoingia ni wasafiri tu.

Yaya alimjibu kwa Kifaransa, kisha Kifaransa kikamwishia. "Lakini miye niko namusindikiza," alisema, kwa Kiswahili, kana kwamba neno hilo lingemwelewesha mtu yeyote duniani.

Yule kijana alitikisa kichwa. Nyuma yetu familia moja ilikuwa inatusukuma na mikokoteni. Yaya alinigeukia, kinywa kimefunguka, nami nikamtazama usoni, jambo ambalo hatukupaswa kulifanya. Kinywa kikafungwa.

"Ufike muzuri," alisema. "Usalimie mama mudogo."

Nilimkasirikia yule mwanajeshi kwa muda mrefu. Sasa simkasirikii tena. Alikuwa anafanya kazi yake, nasi tulikuwa na wiki nzima.

Nilipitia Columbus kwanza. Kaka anakaa mtaa wa Clintonville, na nyumba ilijaa watoto wake wakinyang'anyana simu yangu, wakicheka kitoto kinachokojoa, wakiulizana kwa Kiingereza kama ile dhahabu ni ya kweli. Kaka alitazama kila picha, akasifu. Hakuuliza kitu. Wakati wa kuondoka akachukua begi langu, akanisindikiza kwenye maegesho ya magari, na pale katikati ya magari, akitazama mbele, akauliza.

"Bon. Na ile maneno?"

"Hakusema."

"Wiki yote?"

"Wiki yote."

Hakunilaumu. Angenilaumu ingekuwa nafuu.

Buffalo mama mdogo hakungoja maegesho. Nilikuwa sijavua koti akaniuliza, "Analala wapi?" Nikaanza kueleza habari za treni na mwanajeshi. Akanyoosha mkono akachukua simu, akatazama uwanja mkubwa, akatazama mnara, akatazama mimi na yaya tumesimama mbele ya dhahabu tukicheka. Akanirudishia.

"Muji ni muzuri," alisema, akaenda kuchemsha maji.

Niliporudi Louisville nilivunja adabu. Nilimpigia yaya nikamwambia aseme hapohapo kwenye simu.

"Ile siku ku sanamu nilianza," alisema. "Weye ukanyamaza, ukaangalia pembeni. Nikasema, donc, mutoto hataki kusikia."

"Nilikuwa nakungojea, yaya."

"Na miye nilikuwa nakungojea weye. Ungesema hata neno moja."

"Sema sasa."

"Kwa simu siwezi. Nikianza kulia niko peke yangu humu ndani, nani atanishika? Utakuja tena. Hatutaenda muji hata kidogo. Tutatembea tu, ntakuambia yote."

Nikamkubalia. Najuta zaidi kwa hilo kuliko kwa ukimya wa pale kwenye sanamu, kwa sababu pale sikujua, na hapa nilijua. Ningelia naye kwenye simu. Ningemwambia mimi ndiye nitakayekushika, kwa sauti yangu, kwa vyovyote. Badala yake tukaagana kwa maneno ya kawaida, tukasifia hali ya hewa.

Kabla ya baridi ya mwaka uliofuata kwisha, yaya alianguka kazini, kwenye ile nyumba ya wazee, akiwa anamlisha mtu. Ni moyo, walisema. Wenzake walinipigia simu kwa Kifaransa, na binti mmoja Mkongo akanitafsiria. Nikarudi Brussels kumzika. Sikupita uwanja mkubwa. Watu wa kanisa lake walikuja wengi, tukamsindikiza kwa miguu kutoka lango la makaburi mpaka alipochimbiwa, wakiimba. Kitu pekee nilichoweza kufanya ni kushika mahali. Nilitazama kila kitu nikakikariri, kwa sababu nilijua nitaulizwa.

Nikaenda Buffalo moja kwa moja. Mama mdogo alikuwa kitandani, mdogo kuliko nilivyomwacha. Nikakaa kando yake, akaniuliza, "Huyu analala wapi?" Nikamweleza. Nilimwambia basi unalipanda wapi na unashukia wapi, lango ni la chuma na limepakwa kijani, ukiingia unafuata njia ya kokoto, unakata kushoto penye bomba la maji, na kaburi liko karibu na ukuta, jua la asubuhi linalifikia. Alisikiliza amefumba macho, akiitikia kila nilipokata kona.

Nilipomaliza akafumbua macho.

"Rudilia," alisema. "Lakini sasa sema ni mama yako njo analala pale."

Nikaanzia tena kwenye basi. Nikamwambia lango ni la kijani, unafuata kokoto, unakata kushoto, na mama yuko pale karibu na ukuta.