Seva Tatu za Zihindula

Shemeji yangu Zihindula ni mtu wa kuudhi. Ukimwambia suruali imemkaa vizuri, ataigeuza autazame mshono kwa ndani. Mimi ni fundi cherehani, nimeshona tangu kwetu Uvira, Kongo, na bado ananikagua. Mdogo wangu Pascaline alimpenda hivyo hivyo, basi tukamchukua.

Kompyuta alijifunzia hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi ya Malawi, kisha akapata kazi katika hospitali ndogo ya binafsi Lilongwe, akahamia mtaa wa Kauma huko huko na familia yake. Hospitali ilikuwa na seva tatu. Alizifungia jukwaa la bure, linaloigawa mashine moja ndani yake iwe kompyuta nyingi: moja ya maabara, moja ya dawa, moja ya mafaili ya wagonjwa. Programu ndogo akazifunga kila moja kwenye kontena lake, na vitu vyake vyote humo, ili moja ikiharibika isiziangushe nyingine. Seva ikizimika, zilizobaki hupokea kazi zake. Alinieleza mara tatu. Ya tatu nilielewa, nikamwomba asinieleze ya nne.

Ubaya ni kwamba jukwaa lile alilirekebisha kwa mikono yake mpaka likawa linamsikiliza yeye tu. Siku aliposhikwa na malaria, mfumo wa maabara ulisimama na hakuna aliyejua pa kugusa. Majibu ya damu ya mtoto mmoja yalikwama humo saa tano nzima. Nesi alipanda kabaza, baiskeli ya abiria, hadi Kauma kumtoa kitandani. Mtoto alipona, na watu wakamsifu: bila Zihindula hospitali haiendi! Pascaline alivimba kichwa. Zihindula mwenyewe alikosa hamu ya kula.

Mkurugenzi, Madamu Kamwendo, akamwambia achague: waendelee na lile la bure, au wanunue la kampuni, lenye mafundi wake wa kupigiwa simu wakati wowote. Aliyajaribu yote mawili mwezi mzima, akichomoa nyaya makusudi. Yote yalihimili. Tofauti ikabaki moja: la kampuni halikumhitaji yeye.

Nilikuwa kwao siku aliyoandika ripoti. Pascaline aliitua sahani ya nsima mezani kwa kishindo.

"We uko na akili kweli? Ukibachagulia ile ya kununua, batakulipa tena juu ya nini?"

"Mi niko mkimbizi, Pascaline. Siku banasema turudi kambini, tunarudi. Bagonjwa batabaki na nani?"

"Na batoto bako batabaki na nani?"

Zihindula akaendelea kuandika. Nilimwonea huruma, na nilimkasirikia pia, maana nilikuwa upande wa mdogo wangu. Akachagua la kampuni. Madamu Kamwendo alimbakiza awafundishe wengine, kwa mkataba wa miezi mitatu mitatu.

Mkataba wa pili haujaisha, amri ikatoka wakimbizi waliokuwa mjini warudi Dzaleka. Wakarudi na godoro, sufuria na watoto watatu. Sasa anatengeneza simu za watu mbele ya kibanda changu, na siku nyingine hapati hata mteja mmoja.

Juzi alishindwa kuvumilia, akampigia Madamu Kamwendo kumuuliza habari za seva. Alisikiliza muda mrefu, akamshukuru kwa Kichewa, "Zikomo, Madamu, zikomo kwambiri," akakata simu. Akaja kukaa chini, juu ya mabaki yangu ya vitambaa, akaniita yaya, kama Pascaline anavyoniita mimi mkubwa wake.

"Moja iliungua, yaya. Imepita wiki mbili sasa. Kazi yake ikahamia kwa zile zingine, fundi ya kampuni akakuja kuibadilisha. Banesi habakujua hata kitu."

"Si njo vile ulitaka?"

"Njo vile nilitaka."

Alicheka, kisha machozi yakamtoka, mtu mzima mbele ya wateja. Niliiacha suruali ya watu kwenye cherehani, nikakaa naye pale chini.