Majitu ya Chuma na Neno la Faustin

Harufu ya petroli ya jenereta ikichanganyika na ya karatasi za fotokopi zikiwa bado za moto hunirudisha mpaka leo kwenye kibanda cha mjomba wangu, Butembo, likizo ile kubwa nilipokuwa na miaka kumi na miwili. Wengine wakikumbuka utoto wao hutabasamu. Mimi husaga meno, na sioni sababu ya kuficha. Tulikuwa tumetoka Mbau. Watu walikuwa wameuawa katika mashamba ya jirani, na asubuhi moja baba alituambia tuiache kakao ikiwa imeiva mtini, tuondoke kabla jua halijawa kali. Tulifika kwa mjomba, kaka yake mama, tukiwa na godoro moja na sufuria mbili, tukitetemeka kwa ile baridi ya mlimani ambayo hatukuizoea. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nilipewa ufagio wa kibanda, mahali mjomba alipochapia watu barua na kutoa fotokopi.

Kwenye kompyuta yake kulikuwa na mchezo ulioachwa na fundi mmoja. Ilikuwa vita ya majitu ya chuma, marefu kuliko mikaratusi, yakisogezwa kwa zamu juu ya ramani yenye viraba: nasogeza mimi, halafu unasogeza wewe. Kila mmoja alikuwa na majitu sita. Nguvu tupu haikusaidia kitu, kwa sababu jitu likifyatua risasi nyingi mno lilishikwa na joto, likasimama zamu mbili nzima kama gogo, na ole wake aliyesimama hivyo mbele ya adui. Kila jitu ulilipa jina mwenyewe, na jina hilo lilionekana juu ya kichwa chake. Kitu kisichoonekana ni unene wa chuma chake, mpaka lipigwe. Nasi Wanande majina tunayo tayari: mtoto wa kwanza wa kiume ni Paluku, wa pili Kambale, anafuata Kasereka, Kakule, Katembo, na wa sita Mbusa. Basi jitu langu zito kuliko yote nililiita Paluku, nikalitanguliza mbele ya wadogo zake, kama mkubwa anavyotangulia nyumbani kwetu. Sikufikiri hata mara moja. Ungempaje Mbusa silaha za Paluku?

Faustin, mtoto wa mjomba, mkubwa wangu kwa mwaka mmoja, alinishinda kila alasiri. Alimpiga Paluku wangu kwanza, kwa bunduki zote, na baada ya hapo waliobaki walikuwa mboga tu. Watoto wa mtaa walijazana dirishani kutazama. Siku moja jitu langu la mwisho lilikuwa linarudi nyuma kujificha msituni, Faustin akawageukia wenzake akapaza sauti: "Muangalie! Ba Mbau, munajuaka tu kukimbia!" Walicheka mpaka wakashikana mabega. Baba yangu alikuwa amekaa kwenye benchi pale mlangoni, akingoja simu yake ipate moto wa jenereta. Alisikia. Nilimwona akitazama viatu vyake, kisha akachomoa simu ambayo haijajaa, akaondoka bila kuaga. Mwanaume aliyetutoa wote wazima, watu watano, kwa miguu! Siku hiyo niliapa kwamba Faustin angelirudisha neno lile kinywani mwake, mbele ya baba, mbele ya wote.

Jibu nililipata jikoni. Mimi ni kitindamimba, na jioni ile nilichomoa kipande cha nyama chunguni huku mama akiwagombeza kaka zangu kwa wizi ambao hawakuufanya. Macho yote huwa kwa mkubwa. Nilisimama pale na nyama mdomoni, nikaelewa Faustin hakuwa na uchawi wowote: alijua mpangilio wa majina ya Kinande kama mimi, kwa hiyo alijua Paluku ndiye mzito, basi. Kesho yake nilimwambia, "Nikikushinda, utarudisha ile neno yako, baba akiwa hapa." Akacheka. "Na miye nikikushinda, hautagusa tena hii mashini." Nikamwambia sawa. Jitu zito nililiandika Mbusa. Paluku nikampa kibati chembamba kuliko vyote.

Baba nilimvuta mkono mpaka kwenye benchi. Faustin alifanya nilivyotaka, masikini: alimshambulia Paluku kwa majitu yote sita, bunduki zote, na Paluku akaanguka kwa pigo la pili, risasi nyingine zote zikapotea bure. Yake yakashikwa na joto, yakaganda. Ndipo Mbusa alipotoka nyuma ya msitu. Dawa ya moto ni moto. Niliyaangusha moja baada ya jingine, polepole, nikisoma kila jina kwa sauti, na dirishani hakukuwa na anayecheka. La mwisho ningeweza kulimaliza mara moja. Sikulimaliza. Nililifukuza kutoka kona hadi kona, nikimwambia, "Kimbia, Faustin. Si kukimbia ni kazi ya ba Mbau? Kimbia basi!" Alikuwa analia. Utamu ule siwezi kuueleza. Asiyekubali kushindwa si mshindani: alinyoosha mguu chini ya meza akang'oa waya, kioo kikawa cheusi, akasema petroli imekwisha. Jenereta lilikuwa bado linanguruma nje. Baba alisema, "Acha, mwanangu," akaondoka.

Baba alifariki, miaka mingine ikapita, na neno lile halikurudi. Faustin alihamia Oicha kununua kakao, akapata mke na nyumba ya bati. Mimi nilibaki Butembo, nikajenga. Mwezi uliopita alisimama getini kwangu, pikipiki nyuma yake ina godoro, mke na watoto watatu wana vumbi hadi kwenye kope. "Dada Kavira," akasema, "kule imeharibika. Tusaidie." Sikufungua. Nilisema, "Kuna neno lako moja hapa, ulilisahau. Rudisha kwanza." Alijua mara moja ni neno gani. Akainamisha kichwa, akasema mbele ya watoto wake: "Nilitukana baba yako. Hakukimbia kwa woga. Unisamehe." Nikafungua. Nilikuwa nimelingoja neno hilo miaka yote ile, na lilikuwa tamu vilevile, kwa muda wa kusukuma geti.

Halafu nikamwona binti yake mkubwa, Masika, jina tunalompa binti wa kwanza, wa miaka kumi na miwili hivi, amembeba mdogo wake mgongoni. Nilimpa mkono, hakuupokea. Alikuwa amemtazama baba yake akitazama viatu vyake. Sasa yuko hapa kwangu. Anafagia bila kuambiwa, anaitika vizuri, shikamoo kila asubuhi. Alasiri huchukua simu yangu na kucheza mchezo wa majitu, wa siku hizi, wenye rangi nzuri kuliko ule wetu. Jana nilichungulia begani mwake. Jitu lake jepesi kuliko yote ameliita Masika, na ameliweka mbele.