Kiti Changu Kiko Verandani

Naomba mfiche jina langu na mahali ninapofanya kazi. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mmoja, nimezaliwa kambi ya magereza Mbale, baba yangu askari wa jela, Mteso kwa kabila. Ndiyo maana naandika Kiswahili bila taabu. Wenzangu kazini hapa Jinja hawakisomi, wanasema ni lugha ya wanajeshi, na safari hii nawashukuru kwa hilo. Gazeti lenu hutufikia likitokea Busia, maelfu wanausoma ukurasa huu, na mficha uchi hazai, kwa hiyo nasema yote.

Nafanya utafiti katika maabara ya chuo kikuu, huku kando ya ziwa. Tunachunguza konokono wanaobeba vijidudu vya kichocho. Nilipofika nilikuta kila mtu na meza yake na siri yake. Wawili walikuwa wamehangaika na jaribio lile lile mwaka mzima, mmoja chumba hiki, mwingine chumba cha pili, hawana habari. Nilikasirika kuliko wao. Mkuu wetu, nitamwita Daktari, akaniambia basi wewe mwenye mdomo tupangie mkutano. Nikaupanga. Kila Alhamisi baada ya chai mmoja anasimama na kazi yake, hata kama imeharibika, wengine wanamwuliza. Mdogo anauliza kwanza na mkubwa mwisho, maana mkubwa akitangulia wote wanaitikia tu. Daktari naye ana zamu yake. Siku ya kwanza alisimama akasema, "Humu ndani hakuna mzee. Kuna konokono tu." Nilimpenda kama baba.

Kumbe ndiko tulikokuwa tunaelekea. Ana mwana anayefundisha shule Mbale. Alikuja kumwona babake, tukajuana, tukapendana. Pasaka iliyopita walikuja kwetu kujitambulisha rasmi, na harusi ni Desemba. Sasa, ukoo wao ni Wagisu wanaoshika mila. Mkamwana na baba mkwe hawapeani mkono, hawali meza moja, hawakai chumba kimoja. Mimi mtoto wa kambini, ambako mama zetu wa kila kabila walipakuliana chakula, niliona hayo ni mambo ya nyumbani kwao. Daktari mwenyewe alisema kazi ni kazi, tukaendelea vizuri.

Mpaka zamu yake ilipofika. Alitusomea ripoti inayokwenda wizarani, kwamba konokono wa Masese, ufukweni hapa karibu, hawana vijidudu vya kutisha. Jamani! Konokono wangu mimi, wa Masese hiyo hiyo, wamejaa tele. Nikamwuliza kama ninavyomwuliza yeyote, "Daktari, wako uliwatazama saa ngapi?" Maana konokono hawa hutoa vijidudu jua likishawapata, adhuhuri hivi, naye hupenda kufanya kazi asubuhi na mapema kabla wageni hawajamsumbua. Akakusanya karatasi zake akatoka.

Jumapili shangazi wa mchumba wangu akaja toka Mbale. Hakunifokea, afadhali angenifokea. Alisema kwa upole kwamba mkamwana hamhoji baba mkwe mbele za watu, wala hakai naye chumba kimoja, na kwamba walikuwa wananivumilia kwa sababu ya malezi yangu ya kambini. Wameshaamua. Kiti changu kiwekwe verandani, karibu na dirisha, nisikilize nikiwa nje, na nikiwa na neno nimpe mwenzangu alisemee. Nikiingia tena, harusi nisahau. Mchumba wangu naye akanibembeleza, vumilia mpaka Desemba, maneno yataisha.

Nikakaa. Mkutano nimeuanzisha mimi, sasa nausikiliza kama mgonjwa anayengoja kuitwa. Wenzangu wakipita wananitania, bibi harusi hujambo, nami nacheka huku moyo unachemka. Kinachoniuma zaidi ni kwamba sijui kama nimetolewa na mila au na lile swali langu. Maana kabla ya swali mila haikuwa na kelele. Lakini pia nimemwona mzee huyu akinikwepa kwenye korido, macho chini, ana haya ya kweli, nikamhurumia. Ndiye aliyenishikisha hadubini mara ya kwanza. Nikimvunjia heshima mbele ya vijana wake, nitakuwa mtu gani?

Nikaenda kuwauliza wazazi wangu. Baba alisema, "Ukiwa zamu getini, hata mkweo unampekua." Mama akamjibu kwamba anayeolewa si yeye.

Na Masese si mbali. Nashuka huko kuokota konokono wangu. Watoto wanaogelea pale pale, wengine matumbo yamewavimba, na mama mmoja muuza samaki huniuliza kila nikifika, mwalimu, dawa zinakuja lini? Ripoti ikienda hivyo ilivyo, dawa haziji. Nilimpa mwenzangu swali langu alisemee, akaniambia yeye bado anahitaji sahihi ya Daktari ili amalize masomo. Simlaumu.

Alhamisi iliyopita mvua ilipiga mkutano ukiendelea. Nilivuta kiti nikajibana ukutani, na matone yakaanza kuingia ndani kupitia dirishani. Daktari aliinuka. Nilidhani ataniita niingie. Akafunga dirisha, taratibu, bila kunitazama, akarudi kukaa. Nilibaki nawaona midomo ikicheza tu, sisikii kitu, na sikuondoka mpaka walipomaliza.

Alhamisi ijayo zamu ni yangu, na kazi yangu ni hao konokono wa Masese. Mchumba wangu anataka mwenzangu yule yule anisomee. Nampenda, sidanganyi, na gauni limeshaanza kushonwa. Ndugu wasomaji, wenye wakwe na wenye watoto, niambieni. Nimpe mwenzangu karatasi zangu nikakae nje, au nigonge ule mlango?